Tablo Aliyoifunga Mara Mbili: Maisha ya Jérémie Bahizire

Ndugu, majirani, mapadri wetu, nanyi mafundi wa bandarini mliofunga karakana leo: haya ndiyo maisha ya Jérémie Bahizire, jinsi familia ilivyokubaliana yasemwe, pamoja na sehemu moja ambayo familia haikukubaliana. Anayewasomea ni Dorothée, mtoto wa dada yake. Kazi yangu ni kuandika vizazi na vifo kwenye ofisi ya komini, kwa hiyo mtanivumilia tarehe zikiwa nyingi.

Marehemu alizaliwa Uvira, upande wa pili wa ziwa, mwaka 1956, akiwa wa tatu kati ya watoto saba. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama vya wote ambao mama zao hawakuwa na kalenda ukutani. Bibi yetu alikuwa na tarehe yake: ilikuwa siku ya soko, mvua inanyesha, na mihogo yake ikabaki bila kuuzwa. Jambo hilo alimkumbusha mwanawe mpaka akawa na mvi. Mwaka 1964 familia ilivuka kuja Bujumbura ikiwa na magodoro mawili na mbuzi mmoja, ikapanga Bwiza.

Alisoma shule ya msingi hapo Bwiza, akamaliza mwaka 1971. Kisha aliingia shule ya useremala, akakaa miaka miwili, akaiacha bila cheti kwa sababu baba yake alifariki na nyumbani palihitaji mtu wa kuleta chakula. Ripoti yake ya mwisho bado ipo. Mwalimu aliandika kwamba mwanafunzi huyu ana mikono mizuri na kinywa kizito. Sisi tuliomjua tunakubali yote mawili.

Mwaka 1975 aliajiriwa na Mgiriki mmoja aliyetengeneza boti karibu na bandari, na huko ndiko alikojifunza kazi ya fiba, yaani nyuzi za kioo zinazolowekwa rezini, gundi ya maji inayoganda, hadi ziwe ngumu kuliko mbao. Mwaka 1988 alifungua karakana yake mwenyewe Zone Industrielle, nyuma ya ghala la unga. Hakuna boti aliyoigusa kabla ya kuizunguka yote akiigonga kwa mpini wa kijiko, sikio karibu. Palipo pazima hulia kavu, alisema, palipooza hunyamaza. Mwaka 1997 aliziba ufa kwenye beseni la ubatizo la parokia yetu, kazi safi kabisa, isipokuwa watoto wa miezi mitatu iliyofuata walibatizwa wakinuka rezini. Chanelle, mjukuu wetu, hakuwahi kuamini hadithi hiyo mpaka padri alipoithibitisha.

Alifunga ndoa na Benite, binti wa Rumonge, Jumamosi tarehe 11 Agosti 1984. Bibi arusi na wazee wake waliletwa kwa boti, na aliyeendesha alikuwa Salvator, rafiki mkubwa wa marehemu tangu kwa Mgiriki. Moteri ilizimika mbele ya Kabezi. Bwana arusi, aliyekwenda kuwachukua na alikuwa akirudi nao, alivua koti akaingiza mikono kwenye mafuta, na bibi arusi akamshikia koti kwa mkono mmoja, kopo la petroli kwa mwingine. Walifika kanisani wakiwa wamechelewa saa mbili nzima. Padri aliuliza kama harufu ile ni manukato ya kisasa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Lisette, Fabrice na Destin.

Hapa ndipo pale ambapo hatukukubaliana. Mjomba Léonce, mdogo wa marehemu na mkuu wa kamati ya mazishi, aliniambia wazi: "Dorothée, wasifu apana konfesho. Mutu akikufa tunasema mazuri yake, mubaya tunaiachia Mungu." Ni kweli, ndivyo tunavyofanya, na mimi mwenyewe nimeandika wasifu nyingi za namna hiyo. Lakini Benite, mjane, alisema maneno machache mbele ya kamati nzima: "Andika. Mi nimelala na hii neno miaka tano, nimechoka." Baada ya hapo hakuna aliyebishana naye.

Neno hilo lilianza na boti ya fiba ya mwaka 1974, urefu wa mita tano na nusu, iliyoletwa na Wazungu na kubaki hapa walipoondoka. Machi 2006 mwenye boti wa wakati huo aliileta kwa marehemu kwa sababu tablo ilikuwa imeoza. Tablo ni ule ukuta wa nyuma ambako moteri hufungwa. Uzito wote wa moteri na nguvu zake zote huning'inia pale, na ndani yake, kati ya ngozi mbili za fiba, kuna mti. Mti ukiwa mbovu, ukuta wote ni karatasi.

Triplex ya maji, zile mbao za tabaka zisizooza, ilitoka Dar es Salaam na ilichukua wiki sita. Mwenye boti alitaka kusherehekea Pasaka ziwani. Basi marehemu alinunua mbao za libuyu zilizovuka kutoka Congo juu ya boti ya mizigo, zikiwa zimepigwa na maji njia nzima. Mbao hizo zilihitaji miezi kukauka chini ya bati. Yeye alizipa siku tisa, katikati ya masika. Alijua kwamba rezini haishiki mti wenye maji. Kila fundi aliyeko hapa anajua. Alizifunga, akasugua kwa msasa, akapaka rangi, na boti ikatoka nzuri kuliko ilivyotoka kiwandani.

Jumamosi tarehe 7 Novemba 2009 Salvator aliiendesha kwenda Rumonge, na abiria watatu na kreti za bia za harusi. Mbele ya Magara moteri ilichomoka na kipande cha tablo, maji yakaingia kwa nyuma. Wavuvi waliwaokoa abiria wote watatu, na baadaye wakaivuta boti ufukweni. Salvator alikuwa ameng'ang'ania moteri, ikamvuta. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Watu waliokuwa ufukweni waliona chupa zinaelea, na hiyo ikatosha. Kufikia jioni, bila mtu kuwauliza abiria, mji mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba dereva alikuwa amelewa na akagonga jiwe. Kwenye mazishi yake aliyeongoza maombi alimtumia kama mfano wa kuwaonya vijana juu ya pombe. Wasifu wake ulikuwa wa mistari sita, na chama cha madereva wa boti hakikubeba jeneza. Binti yake Carmen, aliyekuwa darasa la tano, aliitwa mtoto wa mulevi hadi alipobadilishwa shule. Marehemu alikuwepo kwenye mazishi hayo. Alikuwa na wasiwasi na tablo yake tangu siku ya kwanza, na hakusema neno. Mimi pia nilikuwepo, na niliamini ile habari ya chupa bila kuuliza, jambo ambalo sijivunii.

Februari 2019 mtu mmoja wa Kiriri, Hugues, mpenda vitu vya zamani, aliikuta boti ile nyuma ya depo, imeota majani, akainunua ili ifufuliwe. Aliambiwa fundi ni mmoja tu. Lisette, aliyekuwa akimsaidia baba yake karakana, anasimulia kwamba marehemu aliizunguka na kijiko chake kama kawaida, akafika nyuma, akaacha kugonga. Siku ya pili alikata ngozi ya ndani ya nusu ya tablo iliyobaki. Mti ulitoka mweusi, unachotwa kama udongo wa chungu cha maua. Lakini ule upande wa ndani wa fiba ulikuwa safi, unang'aa, una alama za mbao na hakuna hata uzi mmoja wa mbao ulioshikwa. Rezini haikuwahi kushika. Hakukuwa na jiwe lolote.

"Ni mi," alimwambia Lisette. "Salvator hakugonga kitu. Ni mi nilimuua."

Jumapili iliyofuata alikwenda Gihosha kwa Candide, mjane wa Salvator. Benite alimsindikiza, na kwake ndiko nilikopata maneno haya. Marehemu alisema yote, tangu siku tisa mpaka kijiko. Candide alimaliza kuchambua mchele wake kwanza.

"Baba Lisette," alisema, "mi nimekusikia. Lakini bwana yangu walimusemea mubaya ku makaburi, mbele ya watu wote. We unakuja kunisemea hapa mu nyumba, mi na bibi yako. Hii inamusaidia nini?"

"Unataka nifanye nini, Mama Carmen?"

"Semea kule walisemea."

Alirudi karakana akaijenga tablo upya. Alinunua libuyu, akazipanga juu ya vijiti chini ya bati, akakataa kuzigusa. Miezi kumi na minne. Hugues alipiga simu, akaja, akagomba, akatishia kuichukua boti. Marehemu alimjibu kwamba aichukue tu, lakini mbao zinabaki. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia karakana, alizipandisha mbao juu ya mapipa kabla ya kupandisha vyombo vyake. Zilipokauka alizilowesha rezini kila upande, akafunga safu kwa safu, akaziba kila tundu la bulo, yaani bolti, na Agosti 2020 akaning'inia pale nyuma yeye mwenyewe na mafundi watatu kuijaribu. Haikutikisika hata kidogo. Boti hiyo iko ziwani mpaka leo, na ni nzuri sana.

Lakini Candide hakuomba tablo. Januari 2022 marehemu alialikwa kwenye kuondoa matanga ya mama yake Salvator. Alivaa suti. Benite alijua ni siku hiyo. Alipewa mikrofoni, akasimama, akasema mama yule alikuwa mpishi mzuri, akashukuru kwa kinywaji, akaketi. Yeye ambaye hakuwahi kuogopa mawimbi aliogopa viti vya plastiki mia mbili na watu juu yake. Kutoka pale Candide alimngoja getini.

"Utakufa na hii neno mu kinywa," alimwambia.

"Inawezekana," marehemu akajibu. "Basi waisome siku ile. Hapo siwezi kukimbia."

Alianza kukohoa mwishoni mwa 2022. Madaktari walisema ni mapafu, miaka arobaini na saba ya vumbi la fiba bila kufunika pua, na kwamba alikuwa amechelewa kufika kwao. Hakunung'unika, isipokuwa juu ya uji wa hospitali. Jumatatu tarehe 2 Septemba 2024 aliniita, akaniagiza nitoe kalamu, akaniambia niandike polepole kwa sababu atasema mara moja tu. Haya ndiyo maneno yake:

"Mi Jérémie Bahizire, ile tablo ya mwaka 2006 niliifunga na mti wenye maji, na nilijua. Ndiyo ilivunjika. Salvator alikuwa muzima, hakukunywa, hakugonga jiwe. Zile chupa zilikuwa mizigo ya watu. Alikufa kwa sababu aliniamini. Nilinyamaza juu ya kuogopa karakana itafungwa na watoto watakosa, kisha nikanyamaza juu ya kuzoea. Carmen, baba yako hakuwa mulevi. Naomba munisamehe. Kama hamuwezi, mubaki tu na ukweli."

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, Benite na Lisette wakiwa kando yake. Anazikwa leo Jumamosi, tarehe 21, kwenye makaburi ya Mpanda.

Ameacha mjane, Benite. Watoto watatu, Lisette, Fabrice na Destin. Wajukuu watano, wa kwanza Chanelle. Mdogo wake Léonce. Sisi watoto wa dada zake. Na mafundi kumi na mmoja aliowafundisha kungoja mti ukauke.

Karatasi hizi zilichapwa Alhamisi. Wakati wa kuandika hatukujua kama Candide na Carmen watakuja. Mjomba Léonce, yule yule aliyekataa, alikwenda mwenyewe Gihosha kuwaalika, akarudi bila jibu. Tumewawekea viti viwili mbele, pamoja na familia, na tunaomba mtu mwingine asikalie. Chama cha madereva kimepewa nakala yake mkononi.

Mungu ampokee Jérémie Bahizire, apumzike kwa amani. Na Salvator, ambaye siku ya kumzika tulirudi nyumbani bila kumwombea hivyo, naye apumzike kwa amani.