Ini la Saleh na Barafu ya Polikarp

Tangu Saleh, muuza kahawa, alazwe hospitalini, birika lake lilibaki kijiweni, njia panda ya Mshangano, Songea. Beda, fundi baiskeli waliyemwita Injinia, ndiye aliyechochea mkaa, na kila siku kahawa ilitoka chungu kuliko jana. Mwisho wa benchi paliachwa wazi. Hakuna aliyethubutu kukalia nafasi ya mwenye birika. Jirani na nafasi hiyo alikaa Polikarp, mchanjaji mstaafu, ambaye kwa miaka ishirini alipeleka chanjo vijiji vya Madaba kwa baiskeli, ndani ya sanduku la barafu. Watoto aliowachanja sasa wana ndevu, na bado wanamwita Mzee Barafu. Daktari alikuwa amewaambia kuwa ini la Saleh limechoka, na nchini hapa hakuna wa kulibadilisha. Jioni hiyo Edmund, kwa jina la kijiwe Redio, alifika akihema.

— Jamani, ini linahifadhika! Ulaya wamepata maji mapya. Wanalitoa kwa marehemu, wanalisafisha damu kwa maji hayo yakiwa baridi, wanalitia mfukoni, mfuko kwenye barafu. Zamani lilivumilia saa chache. Sasa karibu siku nzima!

— Maji gani hayo? aliuliza Beda.

— Yana chumvi chumvi, na sukari za aina yake.

— Sukari? Basi hapo asali ya Tunduru inatosha! Tutume dumu.

— Wewe Injinia, ini si kitumbua.

— Nisikilize. Likitua Dar asubuhi, tunalipakia kwenye basi. Kesho yake liko Songea.

— Basi likiharibika Makambako?

— Ndiyo vizuri! Baridi ya kule ni ya bure. Tunalifunga juu ya keria, upepo unalipuliza.

— Pamoja na mbuzi wa watu?

— Mbuzi atalila ini? Na likifika, linalala kwenye friza ya soda ya lile duka jipya.

Polikarp aliweka kikombe chini.

— Kwenye friza utaliua, Beda. Baridi ni kitu kimoja, kuganda ni kingine. Chanjo ya pepopunda ikiganda, unaitupa. Nilikuwa naizungushia gazeti isiguse barafu. Nadhani ini nalo ni hivyo hivyo.

— Mzee Barafu amesema, alisema Edmund. Mjadala umefungwa.

Walicheka, lakini Polikarp alikwisha kurudi nyuma kwa mawazo, mwaka ule wa foleni za mafuta, friji ya zahanati inayotumia mafuta ya taa ilipokaribia kuzimika. Saleh alikuja na nusu dumu aliyoipangia foleni tangu alfajiri. Alisema, “Mimi nitakaa gizani. Watoto wasikose chanjo.” Siku hizi mafuta ya taa yanauzwa kila kona, humuoni mtu kwenye foleni. Na humuoni Saleh.

— Shikamooni.

Alikuwa mwanamke mwenye kanga iliyojaa vumbi la lori na kifurushi cha korosho mkononi.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Mimi Mwanahawa, dada yake Saleh. Nimetoka Namasakata, kule Tunduru. Nimeambiwa ninyi ndio ndugu zake wa hapa.

— Ndio sisi! Na usiwe na shaka, alisema Edmund, tulikuwa tunalisafirisha ini lake sasa hivi.

Mwanahawa aliwatazama mmoja mmoja.

— Ahsanteni. Na leo amekaa na nani wodini?

Beda alimtazama Edmund. Edmund alimtazama Polikarp. Wote wawili walidhani mwenzao alikwenda. Polikarp alijua kwamba leo ilikuwa zamu yake, na kwamba asubuhi alifika mpaka geti la hospitali, akaogopa kuona lile tumbo la Saleh lililojaa maji, akageuka.

Alisimama, akavua koti lake, akalizungushia birika la Saleh mara mbili, akalikaza vizuri kama alivyokuwa akilikaza sanduku.

— Injinia, nipe baiskeli.

— Unakwenda wapi na kahawa yote?

— Kwa mwenyewe. Mama, panda nyuma, ushike birika.

Akakanyaga pedali kwa nguvu. Miaka ishirini alikimbizana na njia ili kitu kisipate joto. Jioni hiyo aliomba tu kisipoe.