Mkwe Anasoma Kitabu Chake

Ndani ya Noah ya abiria iliyotoka Ikuti, Erasto alijifanya anatazama mashamba ya chai, kumbe masikio ameyatega nyuma. Mzee mmoja mwenye koti alikuwa akimlalamikia mama muuza vitenge, aliyekutana naye humohumo garini.

"Mke wa mwanangu leo anawasomea watu kitabu chake alichokiandika, kwenye duka la vitabu, Tukuyu. Wameitwa watu wote, isipokuwa mimi!"

"Kwani mmegombana, baba?"

"Hata! Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkwe na baba mkwe hawaonani. Akiniona tu, atafunga kitabu akimbie."

"Basi jibanze nyuma ya kabati, usikilize."

"Nijibanze kama mwizi wa kuku? Mimi, niliyemtangaza Ikuti nzima?"

"Haya, rudi nyumbani majirani wakakusimulie."

Erasto naye ana mkwe. Alishukuru Mungu kwamba wake haandiki.

Gari likasimama mbele ya duka. Kutoka ndani, sauti ya mwanamke ilivuma kwenye kipaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

"Shuka basi, baba, tumefika!"

Mzee hakuinuka. "Dereva," alisema taratibu, "hebu zima injini kwanza."