Jani la Profesa

Ndugu waombolezaji, kabla ya tarehe niwape mlio mmoja, wa kidonge kikitobolewa kwenye karatasi yake, tak, saa tano ya usiku, nyuma ya mlango wa mama, maana mengine yote yametokea hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, ada ya sekondari ikaenda kwa kaka zake, na tarehe 2 Julai 1990 akaajiriwa kufanya usafi maabara ya chuo, akapiga deki miaka thelathini na ushei bila mtu kumuuliza anaonaje. Alifunga ndoa mwaka 1992, baba akatangulia mapema, akaacha mtoto mmoja, aliyezaliwa 1999, ndiye mimi hapa na kichanga mgongoni.

Mwaka 2015 alipatikana na kisukari, akawa anameza vidonge na kuchemsha majani ya ule mti wa uzio wake, hadi mtafiti wa pale maabara akayasikia, akayataka, na Februari 2022 likaundwa kundi la wagonjwa ishirini, wanywe majani tu, vidonge waache. Wenzake wakamwita Profesa, akapewa kiti pale alipozoea kufuta viti. Mama aliiogopa sukari, aliogopa pia kukirudisha kile kiti, basi mchana majani, usiku vidonge, na nilipomfumania akasema, "Usimwambie mtu, mwanangu, wataniona mwongo." Nikaahidi.

Vipimo vyake vikang'ara kuliko vya wote, vikachorwa, vikabandikwa ukutani, na mama kila akipita na ndoo akavitazama, mpaka akaviamini, kana kwamba hakuvitengeneza yeye mwenyewe usiku, akaacha vidonge kweli. Januari mwaka huu kidonda cha mguu kikakataa kupona, Mei wakaukata mguu, na tarehe 9 Juni 2024, saa kumi alfajiri, akafariki wodini.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani waliomwogesha, na wafanyakazi wenzake, hata waliomwita Profesa kwa utani. Mama mdogo, hiyo chupa ya majani iliyo miguuni pako iache hapa, ukameze dawa zako za sukari, nakuomba mbele ya watu.

Mama, deki imekwisha, pumzika. Nimewaambia hawa tu, simwambii mwingine tena, wale wagonjwa kumi na tisa waliobaki kwenye kundi atawaambia mtafiti, yule pale mstari wa pili.