Watoto Wapelekwe Wapi

Pale Ruring'u, mkabala na uwanja, pana benchi la mbao ambalo kazi yake ni kuchelewesha watu. Jumamosi hiyo lilimnasa Wahome. Asubuhi aliamka akakuta mlima wa theluji umejianika wote, hauna hata wingu moja, na kwa furaha akawaambia wanawe, Lynn wa miaka sita na Kim wa mitatu, kwamba leo wanatoka. Ahadi kama hiyo alishaivunja mara mbili, na Lynn si mtu wa kusahau. Gari la shemeji alikuwa nalo, na chapati na mayai ya kuchemsha yalikuwa kikapuni. Kilichokosekana ni mahali pa kwenda. Akasimama kuuliza, dakika mbili tu.

— Wapeleke Wang'uru — alisema mzee Gikonyo, waliyemwita Ramani kwa kuwa aliendesha lori miaka thelathini. — Waone mchele kwa shamba. Watoto wa siku hizi wanafikiria inatoka supamaketi.

— Huko ni matope — alisema Abdulatif, mwenye birika la kahawa. — Ukiwarudisha hivyo kwa mama yao, utalala nje.

— Basi Nanyuki — akaingilia Moffat, jina la kijiweni Profesa, ingawa shule aliyosoma haijulikani. — Pale kwa laini ya Ikweta, ukisimama mguu moja huku, ingine huko, unapunguza kilo mbili.

— Wewe ulipunguza?

— Mimi sijafika. Lakini hiyo ni sayansi.

Gikonyo akapitisha mkono kwenye kikapu alichoshika Lynn, akatoka na yai.

— Ati Ikweta. Panda mpaka kwa theluji, ujaze thamosi, ukirudi ufungue duka ya aiskrimu.

Wahome alicheka nao, lakini roho haikutulia. Saa nne ilikuwa imepita, wingu lilishafunika kilele, na Kim alikuwa anasinzia. Lynn hakulalamika. Alimtazama tu, na hilo ndilo lililomuuma.

Akaja Rehana, mshonaji wa duka la nyuma, kutafuta kahawa, akakuta imekwisha. Akawaona watoto na viatu vyao vya kanisani.

— Na nyinyi wazee, wenu mliwapeleka wapi walipokuwa wadogo hivi?

Abdulatif akafunua birika akachungulia ndani. Moffat akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Gikonyo alikuwa na watoto wanne, wote sasa wako mbali. Akameza kipande cha mwisho cha yai.

— Mimi nilikuwa barabarani — akasema. — Hata Kagio tu hapo, hawakuwahi kuiona na mimi.

Wahome akambeba Kim.

— Twende, Lynn. Tutajulia huko mbele.

Walikuwa wamefika kwenye gari waliposikia fimbo ya mzee Gikonyo ikigonga nyuma yao.

— Wahome, hiyo gari iko na nafasi?

Kabla babake hajajibu, Lynn alifungua kikapu, akahesabu mayai kwa kidole, akamjibu mzee kama anavyomjibu babu yake.

— Iko, guka. Lakini yai yako umeshakula.