Namba Iliyopinda

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi. Wewe uliye jikoni, punguza kidogo kelele za vyombo. Na wewe uliye gereji, zima hiyo mashine ya kupulizia rangi kwa dakika chache tu, maana leo tunamkumbuka mtu wenu. Tunamkumbuka Sumaku, mkaguzi wa magari ya zamani. Sumaku ametutoka Jumatano iliyopita asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu aende kazini. Hakuinuka tena.

Kwa wale ambao hawakumfahamu, niseme kazi yake. Mtu akitaka kununua gari la zamani, hasa yale ya mbio, ya milango miwili, yenye pua ndefu, alimwita Sumaku kwanza. Naye alikuja na kisumaku kidogo alichokizungushia kitambaa laini, kisikwaruze rangi ya watu. Alikipitisha kwenye bodi polepole, kama mama anayepapasa homa kwenye paji la mtoto. Kikishika, hapo kuna bati. Kikidondoka, ujue chini ya rangi kuna pati tupu, ile ya kuzibia mabonyeo. Jina likaanzia hapo, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti.

"Baba alikuwa na maswali mawili tu," anasema binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu. "Gari ni halisi? Na hali yake ikoje? Alikuwa anatuambia tusichanganye. Gari linaweza kuliwa na kutu na bado likawa halisi. Na linaweza kung'aa ukajiona sura, kumbe ni la kuungaunga."

Mdomo wake, wasikilizaji, haukuwa na breki. Kuna muuzaji mmoja aliapa kwamba gari lake jekundu halijawahi kuguswa na brashi ya fundi. Sumaku akafungua skrubu mbili, akatoa taa ya nyuma, akachungulia. Ndani kulikuwa na rangi ya kijani. Akamwambia, "Mzee, hili gari lilizaliwa la kijani. Limekuwa jekundu kwa aibu ya maneno yako." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Muuzaji hakucheka.

Sasa nawaomba msogee karibu na redio.

Sumaku alikuwa na kaka yake. Kaka alimzidi miaka mitano. Baba yao alipofariki mapema, huyo kaka aliacha shule, akaingia gereji, akamlea mdogo wake. Ndiye aliyemfundisha kushika spana. Nalirudia hili kwa sababu ni muhimu: mkono uliomfundisha Sumaku kazi ni mkono wa kaka yake.

Kaka alinunua mabaki ya gari la mbio kwa mtu aliyekuwa analitumia kama banda. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Akalifanyia kazi nyuma ya nyumba yake kwa miaka kumi na minne, skrubu kwa skrubu. Lilipokamilika, magoti yake yakagoma. Lile gari liko chini mno. Kuingia aliingia, ila kutoka mpaka mkewe aje amvute mkono. Akaamua aliuze kwa mtu atakayeliendesha, lisikae tu linaangaliwa.

Mnunuzi akapatikana, naye akaja na mkaguzi wake. Mkaguzi ni Sumaku. Kaka alifurahi kweli. "Nani mwingine angelikagua gari langu?" alisema.

Kisumaku kikashika kila mahali. Milango safi. Sakafu safi. Sumaku akafungua boneti, akamulika namba ya injini kwa tochi. Tarakimu ya nne ilikuwa imeinama kushoto, imetoka nje ya mstari wa wenzake. Akaitazama sana. Akanyanyuka, akafuta mikono. Kisha mbele ya mnunuzi, mbele ya majirani, mbele ya shemeji yake aliyekuwa anakuja na sinia la chai, akasema: "Namba hii imegongwa upya. Injini si ya gari hili. Ama kaka ametapeliwa, ama kaka ndiye anayetapeli."

Mnunuzi akaaga. Chai haikunywewa.

"Mdogo wangu," kaka akamwambia, "hata kama ningekuwa mwongo, si ungenivuta pembeni? Umenivua nguo kwenye uwanja wangu mwenyewe. Usikanyage hapa tena."

Wiki hiyohiyo kaka akalifumua lile gari. Injini ikaenda kwa huyu, milango ikaenda kwa yule. Kazi ya miaka kumi na minne ikaisha kwa siku sita. Na ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni wakawa wanapishana barabarani kama hawajuani.

Ikapita miaka tisa. Siku moja Sumaku aliitwa na muuguzi mstaafu, mama mtu mzima, akakague gari la aina ileile. Mama huyo alilinunua likiwa jipya, hajaliuza, na karatasi zote za kiwandani anazo. Sumaku akafungua boneti, akawasha tochi. Tarakimu ya nne ilikuwa imeinama kushoto.

Ndipo alipoelewa. Kiwandani namba ziligongwa kwa mkono, na aliyekuwa anagonga alikuwa na mkono wake, ile ya nne ikimlalia kushoto. Ile namba haikughushiwa. Gari la kaka lilikuwa halisi. Nasema tena, wasikilizaji: gari la kaka lilikuwa halisi, na wakati huo halikuwepo tena duniani.

Sumaku alikaa chini, kwenye sakafu ya saruji. Yule mama akaogopa. "Fundi, kwani gari langu lina nini?"

"Halina kitu, mama," akamjibu. "Mwenye kasoro ni mimi."

Alikwenda kwa kaka yake mara tatu. Shemeji alitoka getini na jibu lilelile: "Hayupo, shemeji." Mara ya kwanza, binti yake alikuwa naye. Anasema baba yake alipita kando ya gari la kaka la kutembelea, lililokuwa limeegeshwa nje ya geti, akaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto, limezimwa sasa hivi. Mtu ambaye hajawahi kuuacha uongo upite mbele yake aliuacha ule upite. "Sawa shemeji," akasema. "Mwambie nilipita." Mara ya tatu aliacha bahasha.

Jumapili nilikwenda kutoa pole. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mzee wa miaka sabini na mitatu, bahasha iko mapajani. Aliifungua baada ya maziko. Alinipa niisome. Ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa lile gari la mbio, imepigwa chapa kama ripoti zake zote. Bodi, halisi. Injini, halisi. Hali, nzuri kuliko magari yote niliyowahi kuyakagua. Halafu chini: "Makosa ni mawili, yote ya mkaguzi. La kwanza, alisema jambo lisilo kweli. La pili, alilisema mbele za watu. La pili ndilo kubwa."

Mwisho wa ukurasa palikuwa na mahali pa sahihi ya mwenye gari. Kaka alikuwa ametia sahihi.

"Nilikuwepo," aliniambia. "Sema hivyo redioni, usinifiche. Mara zote tatu nilikuwa chumbani, namsikia. Nilijiwekea nadhiri kwamba akija mara ya nne, nitafungua." Akaitazama ile karatasi. "Nimeshasaini. Sasa nampa nani?"

Binti akasogea. "Nipe mimi, baba mkubwa." Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake katikati ya madaftari ya wanafunzi. Nami, wasikilizaji, niliaga haraka, maana mtangazaji akilia ugenini hapendezi.

Tunampa pole binti wa marehemu. Pole shemeji, uliyetumwa getini kusema usichotaka kusema. Na kaka, kwako sina neno la kutosha. Pole sana, mzee wetu. Mungu amlaze mdogo wako pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnaonisikiliza hivi sasa. Yupo mtu uliyempangia hesabu kama hiyo, akija tena ndipo utafungua. Umeamua ni mara ya ngapi. Yeye hujamwambia.