Mchanga wa Shemeji Halina

Ndugu waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu mliokuja kutufariji, asalaam aleikum. Naitwa Hilario Tweve, mdogo wake mume wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma ingawa, kama mtakavyosikia, nilistahili kukaa kimya.

Marehemu Halina Tweve alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 mjini Poltava, nchini Ukraine, nasi hapa Makambako tulimwita Mrusi mpaka akachoka kutusahihisha. Alisoma hukohuko Poltava, akaingia chuo cha michezo Kiev mwaka 1977, akajulikana kwa miruko mitatu, yaani mtu anakimbia, anaruka mara tatu mfululizo, kisha anatua mchangani, na tarehe 3 Juni 1983 aliruka mita kumi na tatu na sentimita arobaini na moja, namba ambayo baadaye hata wauza viazi wa sokoni kwetu waliikariri.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na kaka yangu Yonathani, aliyekuwa akisomea ufundi wa mitambo kulekule Kiev, wakaja Njombe mwaka 1986, wakahamia hapa mwaka 1988, wakajaliwa watoto wawili, Irine na Hilary. Alifundisha michezo shuleni, na nyuma ya nyumba akachimba shimo, akalijaza mchanga wa mtoni, akawafundisha mabinti kuruka, na siku ya Sabasaba mwaka 1991 aliporuka mwenyewe uwanjani, madereva wa malori ya Songea walishuka kutazama, na jioni ile hakuna mtaro wa mji huu ambao haukurukwa na mtoto.

Sasa nifike kwangu. Mwaka 1993, kila mtu akijenga fremu za maduka baada ya biashara kufunguliwa, nilichota toroli ishirini na mbili za mchanga kwenye shimo lile, shemeji akiwa safarini, nikapiga lipu fremu yangu, na wiki iliyofuata Telesia, binti aliyemtegemea kuliko wote, alitua kwenye udongo mgumu, akavunjika mguu, akakosa mashindano ya mkoa. Shemeji alikuja dukani, akaupapasa ukuta, akasema miruko ya wasichana wake imo humo ndani, akaondoka. Jamani, bora angenitukana! Tangu hapo alifundishia kwenye maranda ya mbao, na ni kwenye maranda hayo Telesia alipona, akajinoa, akafika mashindano ya taifa mwaka 1996, huku mimi kila mwaka nikiahidi kuurudisha mchanga.

Aliugua saratani ya titi tangu Oktoba 1997, akatibiwa hospitali ya Ikonda, na huko akafariki tarehe 14 Juni 1998. Alituagiza kaburi lake lisijengewe, mchanga wowote utakaopatikana uende kwenye shimo la kurukia, kwa hiyo lile lori la Mzee Halfan mliloliona asubuhi nimelileta mimi, limemwaga mzigo wote nyuma ya nyumba, na atakayeona kaburi la udongo mtupu asituseme.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ikonda, majirani, walimu wenzake, na Mzee Halfan kwa lori lake. Tukitoka makaburini msiondoke, mabinti wataruka, Telesia ataanza, na tepu ya kupimia nitaishika mimi.

Pumzika kwa amani, shemeji. Mchanga wako umerudi.