Herufi Zilizoshiba za Bi Brashi

"Kwani hizi herufi zako unazilisha nini?"

Jirani mmoja alimuuliza hivyo Bi Brashi, siku alipokuwa akiandika jina la kinyozi ukutani. Bi Brashi hakugeuka. "Zinakula ukuta, shoga yangu. Ndiyo maana zimeshiba."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Bi Brashi, mwandishi wa mabango. Aliandika kwa mkono, tena aliandika kinyume: alianza na herufi ya mwisho, akarudi mpaka ya kwanza. Nafasi yote iliyobaki aliipa ile ya kwanza, ikavimba kama mwenye nyumba.

Fundi mwenzake, tuliyemwita Rula kwa kuwa hakuandika bila rula, alimwambia herufi zake zimelewa. "Afadhali zilewe," Bi Brashi akamjibu. "Zako zimenuna."

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Mkono wa kuume, wasikilizaji, ndio wa kazi. Binti yake, mfanyakazi wa duka la uchapaji, akaazimia kuziingiza herufi za mama kwenye kompyuta, ziwe fonti, mtu yeyote abonyeze na kuandika. Rula akasema mashine haina mkono. Akifa Bi Brashi, zimekufa naye.

Mwanzoni ilielekea Rula kashinda. Binti, kwa heshima tu, alizinyoosha herufi zote na kuzisawazisha vimo. Mama akaitazama karatasi aliyochapiwa.

"Mwanangu, hizi umezivisha sanda."

Binti akaanza upya. Kila herufi akaipa maumbo matatu, ili mbili za aina moja zikikutana zifanane kama ndugu, zisiwe pacha. Ile ya kwanza akaiacha ivimbe.

Mungu ni mwema. Fonti ilikamilika Bi Brashi akiwa hai. Aliiona kwenye bango la chanjo pale zahanati. Aliiona kwenye gari la maziwa, na kwenye jalada la kitabu cha watoto. Binti anasema mama yake alikuwa akisimama mbele ya bango na kulisalimu: "Hamjambo, wanangu."

Bi Brashi alituacha wiki iliyopita. Pole sana binti, poleni wajukuu. Mola ampokee. Nasi tujiulize, wapendwa: hiki ambacho mikono yetu inakijua, tumemwachia nani? Hatukupewa ili tuondoke nacho.

Binti amenisimulia jambo moja. Rula alikwenda kutoa rambirambi. Sebuleni, ukutani, palikuwa na bango: KARIBUNI NYOTE. Akalitazama, macho yakamlowa.

"Huu ndio mkono wenyewe," akasema. "Mashine yako haifiki hapa, binti yangu. Aliliandika lini?"

"Baba, nimelitoa kwenye mashine jana."

Rula akalisogelea. Akapitisha kidole juu ya ile K kubwa, taratibu, akitafuta mahali rangi ilipoganda. Karatasi ilikuwa laini. Akavaa kofia yake, akatoka.